Kipimamwanga cha Wendelin

Fundi Norbert alikuta gamba la samaki ndani ya kipimamwanga. Lilikuwa gamba dogo la usipa, kavu, limenasa chini ya ukingo wa kioo. Norbert aliwahi kufungua redio akakuta mende wamezaa, saa za ukutani akakuta viota vya nyigu, na ndani ya simu za watu alishakuta mambo ambayo mwenye adabu hayasemi. Lakini samaki ndani ya chombo cha kupimia mwanga, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Alilichomoa kwa kibano, akaliweka juu ya kipande cha gazeti, akaendelea na kazi.

Chombo kilikuwa cha marehemu Wendelin, mpiga picha wa Mbaha kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyemfundisha Norbert kazi wakati Norbert bado ana nywele. Kilikuwa kimeletwa asubuhi hiyo na Flavia, binti wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alipanda gari hadi Mbinga mjini akaja kukaa kwenye benchi la kibanda cha Norbert nyuma ya stendi. Shikamoo baba mdogo, marahaba mwanangu, habari za ziwani, nzuri kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyobeba habari yote. Mama yake, Edina, alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani na ushauri kwamba ale anachokipenda. Edina hakupenda chakula tena. Alitaka picha moja kabla hajafa, na aliitaka ya filamu, ipigwe kwa kamera ya mumewe.

Mtu atauliza: siku hizi za simu, ambapo hata mbuzi wa jirani ana picha zake, filamu ya nini? Edina alikuwa na sababu, na ilikuwa sababu inayouma. Kitinda mimba wake, Hamphrey, alizama miaka mitatu iliyopita. Walikuwa ziwani wanavua usipa, upepo wa mwera ukavuma ghafla kutoka kusini, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliogelea wakafika nchi kavu. Yeye hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Picha zake zote zilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Shule aliishia darasa la saba, kitambulisho cha taifa alikuwa bado anakifuatilia, na marafiki walipopekua simu zao walipata picha moja inayomwonyesha mgongo. Baba yake alikuwa mpiga picha, ndiyo, lakini kinyozi hajinyoi. Nyumbani palikuwa na picha moja tu ya Hamphrey, mtoto mchanga ndani ya beseni, na hakuna aliyethubutu kuiweka hiyo mbele ya waombolezaji. Kwa hiyo siku ya ibada padri alisali mbele ya meza yenye mshumaa na shati la Hamphrey lililokunjwa. Edina alilitazama shati lile muda wote wa ibada. Tangu siku hiyo, mtu akimwelekezea simu alijifunika uso kwa kanga. Picha za simu, alisema, ni picha za maji.

Tena sebuleni kwake kulikuwa na ukuta. Wendelin ndiye aliyeuanzisha. Baba yake, mama yake, dada zake, kila mmoja alipigwa picha akiwa hai akaning'inizwa baada ya kufa, wote kwa kamera ile ile, wote wametoa macho mbele kama watu waliosimamishwa kizimbani. Wendelin mwenyewe alikuwepo, alipigwa na Flavia. Mkewe yeye alikuwa amemwahidi mkewe kwamba zamu yake itafika, leo, kesho, wiki ijayo, mpaka akatangulia yeye. Misumari miwili ilikuwa mitupu ukutani. Mmoja ulikuwa wa Hamphrey, na huo Edina alishakubali kwamba hautapata mtu. Hakutaka na wake ubaki hivyo.

Kamera ilikuwa nzima. Ilikuwa imelala sandukuni miaka sita ndani ya shuka, tangu Wendelin alipokufa, na ndani yake mlikuwa na filamu ambayo mzee hakuimaliza. Zilibaki nafasi chache mwishoni, tano au sita. Nyingine zote zilishapigwa, na Flavia alidhani ni harusi za watu, pengine watu ambao wameshaachana. Norbert alimwambia asiifungue kamera hata kidogo. Mbinga nzima, na hata Songea, hapakuwa tena na duka lenye filamu, na ya kuagiza Dar isingemkuta Edina. Basi ni hizo hizo nafasi chache, na filamu yenyewe imezeeka. Hapo si pa kukisia. Na Flavia asingeweza kukisia hata angetaka, kwa sababu baba yake alimfundisha njia moja tu: elekeza kipimamwanga, soma sindano, zungusha kisahani chake cha namba, kisha pachika namba hizo kwenye kamera. Sindano sasa ilikuwa imelala chini, na hata ukiielekeza juani haikunyanyuka.

Vipimamwanga vya aina ile havina betri. Ndani mna bamba la chuma lililopakwa seleniamu, na juu ya seleniamu mna ngozi ya dhahabu nyembamba kiasi kwamba mwanga hupita. Mwanga ukiingia, bamba lenyewe huzaa umeme, kidogo sana, lakini unatosha kusukuma sindano. Ndiyo maana vyombo hivi huweza kuishi miaka hamsini bila kudai chochote, na ndiyo maana watu hudhani havifi. Vinakufa. Unyevu ukipenya, ule ukingo unaokusanya umeme kandokando ya bamba huota kutu nyeupe na umeme hukosa njia. Ugonjwa huo unatibika: unakwangua polepole, unasafisha kwa spiriti, unakaza mguso, sindano inaamka. Joto ni habari nyingine. Joto likilipiga bamba siku baada ya siku, seleniamu yenyewe hugeuka na ile ngozi ya dhahabu huchunika. Bandu bandu huisha gogo, na hapo fundi hana cha kukwangua.

Norbert alianza na moyo wa chombo. Alichukua betri ya tochi iliyokwisha nguvu, akapitisha umeme wake kwenye kizuizi kikubwa ili usiunguze kitu, akagusa nyaya za sindano. Sindano ikaruka. Moyo ulikuwa mzima. Akasafisha ukingo wa bamba, akajaribu tena juani, sindano haikutingishika. Akalitazama bamba kwa lenzi. Ngozi yake ilikuwa imevimba malengelenge kama kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu. Hata kile kioo cha juu, ambacho kwa kweli ni plastiki, kilikuwa kimebonyea katikati. Norbert alijiuliza ni nani anayepika kipimamwanga, tena na samaki.

Bamba jipya la seleniamu halipatikani, wala hakulitafuta. Alijaribu kwanza kipande cha tochi ya sola. Kilikuwa na nguvu za kijinga, kikaigonga sindano mpaka mwisho, tena kiliuona moto wa jiko kama jua la mchana, kwa sababu vipande vya aina hiyo hupenda mno wekundu kuliko jicho la mtu. Akakitoa. Kwenye kikokotoo kibovu cha duka la pembejeo alipata kipande kingine, cheusi, chembamba, chenye macho yanayokaribia ya binadamu. Alikiunganisha kwa nyaya nyembamba, akakipunguza kwa kukibandika utepe mweusi upande mmoja, akatoka nje saa sita jua likiwa wazi kabisa, maana mwanga wa saa ile kila mpiga picha wa zamani anaujua kwa moyo. Alisogeza utepe, akatazama, akasogeza tena. Akaingia kivulini mwa ukuta, akarudi juani, akaingia ndani ya kibanda. Siku ya tatu sindano ilikuwa inasema kweli kila mahali.

Kilibaki kile kioo cha plastiki. Norbert alikibonyeza kwa kijiko cha moto mpaka kikanyooka, au tuseme kikakaribia kunyooka. Kati yake na sindano palibaki nafasi ya karatasi moja. Alifikiria kukata kipande cha kioo halisi akibadilishe, lakini pembeni mwa ile plastiki Wendelin alikuwa ameandika jina lake kwa ncha ya msumari, na Norbert hakuwa na moyo wa kulitupa. Alijiambia haitagusa, ilimradi chombo kisipate joto tena. Alijiambia hivyo akafunga skrubu.

Alikipeleka mwenyewe. Alimkuta Edina kwenye mkeka mlangoni, amebaki macho na mifupa, lakini ulimi ulikuwa bado wake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nywele zako umezipeleka wapi?"

"Zilitangulia na kaka."

Edina alicheka, akashika tumbo, akaacha kucheka. Alinyoosha mkono apewe kile chombo. Alikielekeza nje, sindano ikapanda. Akakifunika kwa kiganja, ikashuka. Alirudia hivyo mara nyingi, na Norbert alifurahi mpaka akaona haya. Kisha mama yule akaanza kumsimulia jinsi alivyokilea. Wendelin aliwahi kumwambia kwamba kitu kile hakitumii betri, kinakula mwanga. Basi baada ya kumzika mumewe aliapa kwamba hakitakufa njaa mikononi mwake. Kila asubuhi alipotandaza usipa kwenye kichanja, alikilaza na chenyewe kwenye kona, uso juu, kipate kula jua. Jioni alikianua pamoja na samaki. Nani asiyejua kwamba taa ya sola isipoanikwa haiwaki? Siku za masika alikiomba radhi kwa ajili ya mawingu. Hamphrey alikuwa akimcheka, na yeye akimwambia ngoja, siku moja utanishukuru.

Norbert alitazama nje. Kichanja kilikuwa pale pale, hatua chache kutoka mlangoni, na jua lilikuwa linakipiga, usipa wote ukang'aa. Joto lilionekana likitetemeka juu yake. Lile gamba likamrudia akilini, na malengelenge ya bamba, na kioo kilichobonyea. Miaka sita mama huyu alikuwa akikiua kile chombo kwa upendo, kila siku, bila kukosa.

"Sasa, shemeji," Edina aliuliza, "pamoja na kukilisha kote huko, kilikufa na nini?"

Norbert alifungua mdomo aseme. Aliona vile mikono ilivyokuwa imekikumbatia kile chombo kifuani, mishipa imesimama.

"Uzee," alisema. "Hata chuma huzeeka."

"Si mimi?"

"Si wewe. Wewe umekitunza kuliko kaka mwenyewe."

Edina alishusha pumzi ndefu. Alisema jambo hilo lilikuwa linamsumbua kuliko uvimbe, kwamba pengine kuna siku alikilaza vibaya, au mvua ilikinyeshea yeye akiwa shambani. Sasa amepumua. Njia ya mwongo ni fupi, na Norbert aliujua msemo huo tangu utotoni, lakini saa ile aliona amefanya wema, na nafsi yake ikamsifu.

Alijitolea kupiga picha palepale, mwanga ulikuwa mzuri. Edina alikataa. Kwanza, gauni lake la sare ya kina mama wa kanisani lilikuwa kwa fundi wa kushona, linapunguzwa, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umelikimbia. Pili, picha za ukuta ule hazipigwi na mtu wa nje. Wendelin aliahidi, Wendelin akashindwa, sasa damu yake ndiyo imalizie. Flavia atapiga Jumapili, baada ya padri kuleta ushirika nyumbani. Norbert alimeza ule "mtu wa nje" kama mtu anavyomeza dawa chungu, akamwita Flavia uani amfundishe.

Walifanya mazoezi mpaka jua lilipoinama. Flavia alikuwa na mikono ya baba yake, haina haraka. Alichokosa ni imani. Kila mara alitazama sindano, kisha akatazama mwanga kwa macho yake, kisha akauliza kama si afadhali aongeze mwanga kidogo. Mwishowe Norbert akamkatiza.

"Usibahatishe. Macho yanazoea giza, halafu yanakudanganya. Sindano haidanganyi. Wewe ifuate tu."

Alitaka pia kumwambia kuhusu kichanja. Lakini jirani alikuja kumjulia hali mgonjwa, kisha ugali wa muhogo ukaiva, kisha gari la mwisho likapiga honi barabarani. Akiwa anavaa viatu alimwambia Flavia kile chombo wakihifadhi ndani, kwenye mfuko wake wa ngozi. Flavia akaitikia vile mtu anavyoitikia akiambiwa afunike chungu. Hakumwambia kwa nini. Kumweleza kwa nini kungekuwa kumweleza mama, maana katika nyumba ile ya vyumba viwili neno halikuwa na mahali pa kujificha.

Jumapili ilipita. Siku chache baadaye simu ikaja, na Norbert alijua kabla hajapokea. Alishuka tena Mbaha kwa mazishi. Kwenye meza palikuwa na mshumaa na Biblia, basi. Flavia aliwaambia watu wasihuzunike, mama yupo ndani ya kamera, ameketi amevaa sare yake, na siku ya arobaini wote watamwona. Kina mama wa kanisani waliitikia amina, na nyuso zikapata nuru kidogo. Norbert alikabidhiwa kamera imeviringishwa kwenye kanga ya marehemu. Kipimamwanga nacho alipewa, kwa sababu, alisema Flavia, mama alikishika mpaka siku ya mwisho na sasa hakuna wa kukishika.

Ndani ya gari, wakipanda milima ya Umatengo, alikitoa mfukoni akitazame. Kwanza alidhani ni mwanga wa dirishani. Akakifunika kwa viganja vyote viwili, akachungulia kati ya vidole. Sindano ilikuwa juu, mwisho kabisa, mahali pa jua la saa sita. Alikigonga kwa kucha. Haikushuka. Kile kioo cha plastiki kilikuwa kimebonyea upya, chini zaidi ya zamani, na kilikuwa kimeibana sindano pale pale jua lilipoipeleka. Pembeni, herufi za jina la Wendelin zilikuwa zimepinda. Norbert alikirudisha mfukoni, akaweka mkono juu ya mfuko, na hakuuondoa mpaka Mbinga.

Angeweza kujua kila kitu tangu hapo, na kwa kweli alijua. Lakini mtu anayejua mabaya bado hutafuta pa kuponea. Pengine kilibanwa baada ya Jumapili. Pengine Flavia alikataa kuifuata sindano. Dawa za kusafishia filamu alizokuwa nazo zilishaoza zamani, isipokuwa chupa ya chumvi ya kugandishia picha, ambayo haiozi. Dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha, aliitengeneza kama walivyowahi kufanya yeye na Wendelin siku za shida: kahawa kali, magadi na vidonge vya vitamini C kutoka duka la dawa. Mbinga hata mtu akikosa vyote hakosi kahawa. Alijifungia stoo mchana, akaziba mwanya wa mlango kwa matambara, akaviringisha filamu gizani kwa vidole, akaimwagia ile kahawa yenye harufu ya soksi, akaanza kuitikisa huku akisali. Hakuwa mtu wa sala nyingi.

Filamu ilitoka na rangi ya chai. Aliinyanyua dirishani ingali inadondosha maji, akaanza mwanzo. Hapakuwa na harusi. Palikuwa na mtumbwi umepandishwa mchangani. Palikuwa na kijana kashika kafi, kisha kijana yule yule akicheka, kisha kwa karibu, uso peke yake, anatazama mbele kama watu wa ukutani, pua ya Wendelin, masikio ya Edina. Norbert alikaa chini. Kila mahali ni Hamphrey, Hamphrey anashona wavu, Hamphrey amebeba ndoo, Hamphrey mwenye miaka kumi na minane na shati lile lile lililokuja kukunjwa mezani. Mzee alikuwa ameanza kumpiga picha mwanawe, na kifo kikamkatiza. Uso ambao mama alilia kuukosa miaka mitatu ulikuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe, chini ya kitanda chake, naye akilala juu yake kila siku.

Kisha zikafika zile za mwisho. Zilikuwa nyeupe, tupu, unaweza kusoma gazeti kupitia kwazo. Zote sita. Alizisogeza karibu na jicho mpaka zikamgusa kope. Kwenye filamu mwanga huandika kwa weusi, na katika kila moja palikuwa na doa moja jeusi la pembe nne, dogo, na hilo lilikuwa dirisha la chumba cha Edina, lililoweza kujiandika kwa sababu lilikuwa na jua lake. Dirisha lilitoka. Mtu aliyekaa kando yake hakutoka.

Siku ya arobaini alifika mapema kabla ya watu. Alikuwa na picha moja ndani ya fremu, imefungwa kwa karatasi. Flavia aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua akiwa amesimama, na alipoona ni nani alipiga magoti. Alimshika mdogo wake usoni kwa kidole, kwenye kioo, kwenye nyusi. Kisha akageuza fremu nyuma, akatazama ndani ya mfuko wa Norbert.

"Na mama?"

Norbert akampa kile kipande cha mwisho cha filamu. Flavia alikinyanyua kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Alikuwa binti wa mpiga picha, hakuhitaji kuelezwa.

Alikaa kwenye kitanda cha mama yake, akaanza kusimulia taratibu, kama mtu anayejihoji. Kila alipotoka shule alikikuta kile chombo kichanjani. Alipomwambia mama kwamba baba mdogo amesema kikae ndani, mama alimjibu kuwa fundi amesema shida ni uzee tu, na mzee ndiye anayehitaji kula zaidi. Jumapili ile mama alishindwa kutoka nje, wakampiga picha humu humu chumbani, amekaa, amevaa sare. Chombo kililetwa moja kwa moja kutoka juani, kilikuwa cha moto mkononi.

"Niliona chumbani giza, sindano inasema jua," alisema Flavia. "Nikashangaa. Nikataka kuongeza mwanga. Halafu nikakumbuka ulivyoniambia, nikaifuata. Zote sita nikaifuata. Nilikosea wapi, baba mdogo?"

Hapo Norbert alipewa mlango wa pili wa kutorokea, mpana kuliko wa kwanza. Angeweza kusema filamu ilikuwa imezeeka. Uzee ulishamsaidia mara moja na ungemsaidia tena, na Flavia angeamini, kisha angekaa miaka yake yote iliyobaki akidhani labda ni mkono wake. Norbert alivua kofia.

"Hukukosea. Ni jua lililokiua, tangu mwanzo, na mimi nilijua siku ile nilipokileta. Mama aliniuliza kama ni yeye. Nikamdanganya ili apumzike. Nawe sikukuambia."

Flavia alikiweka kile kipande cha filamu kitandani. Hakulia wala hakupandisha sauti, na Norbert angeshukuru kama angefanya lolote kati ya hayo.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Mama usingemwambia. Mimi ungeniambia."

Akainuka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kufika, na akatoka kuwasalimia. Norbert aliwasikia kina mama wakiuliza picha iko wapi, na sauti ya Flavia ikiwajibu kwamba haikutoka. Hakusema kwa nini. Baadaye alirudi akaipeleka mezani picha ya Hamphrey, ikasimama karibu na mshumaa, na sebule nzima ikaguna, wengine wakaanza kulia upya kwa ajili ya kijana yule waliyemlilia bila uso. Kisha akaenda sandukuni. Alitoa gauni la sare, lile lililopunguzwa likavaliwa mara moja, akalikunja vizuri, kola juu, akaliweka upande wa pili wa mshumaa.

Padri akaanza. Norbert alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango, mahali pa watu wa nje. Ukutani msumari wa Hamphrey ulikuwa unangoja jioni upate mtu wake, na pembeni yake ule mwingine. Flavia aliketi mstari wa mbele, na alilitazama gauni lile muda wote wa ibada.